Kadi ya Kija na Shamba la Mtowisa

Katandala, Sumbawanga
Jumatatu, 9 Juni

Dada yangu Cornelia,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama, jicho halikusumbui, na yale matone unayaweka asubuhi na jioni kama daktari wa Mbeya alivyoagiza, si pale tu unapokumbuka. Sisi hapa ni wazima. Wifi yako Winifrida alishikwa na mafua wiki nzima lakini amesharudi sokoni, na anakusalimu sana. Baridi ya mwaka huu ni kali; ndoo tukiiacha nje, asubuhi hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kunawa. Nimesikia mmemaliza kuvuna mahindi huko Mwimbi na kwamba ulezi nao haukufanya vibaya. Nimefurahi.

Utashangaa kupata barua ya mkono wakati namba yako ya simu ninayo. Simu yako hupokelewa kwanza na wajukuu, kisha na jirani, ndipo ikufikie wewe, na hapo kila mtu ameshajua kilichonifanya nipige. Bahasha hii nimempa Polikarp dereva aikabidhi mkononi mwako. Halafu, sasa unaweza kusoma mwenyewe. Miezi mitatu iliyopita ungehitaji mtu wa kukusomea, na barua hii si ya kusomewa na mtu.

Nataka nikueleze habari ya kadi ya Kija tangu mwanzo. Kidogo unaijua, maana fedha alizokutumia mwanao Faith zilipita humo. Nyingi huijui.

Kija ni kijana wa Kisukuma, mtoto wa mzee Masalu wa Mtowisa, kule bondeni. Alimaliza chuo Mbeya, akakosa kazi, akaja Sumbawanga akapanga chumba jirani na sisi. Nilimfahamu kwa sababu alikuwa akinisafishia sauti za kipindi changu cha redio. Kazi yake hasa aliifanya kwa kampuni moja ya nje: kusoma sentensi za Kiswahili na Kisukuma kwenye kinasa sauti, mamia kwa mamia, ili mashine zifundishwe kusema. Siku moja nilimkuta amejifunika blanketi kichwani kuzuia kelele za jogoo wetu, anarudia sentensi moja tu: ng'ombe wangu amepotea, ng'ombe wangu amepotea. Nikamwambia baba yako akikusikia atapanda gari usiku huu huu. Akacheka, akasema, “Mzee, huyu ng'ombe aliyepotea ananilipa kuliko wale walioko zizini.”

Malipo yake yalikuja kwa fedha za kidijitali, zile zisizo na noti wala sarafu. Kampuni nyingine, iliyoko Ulaya, ilimpa kadi ya kuzitumia. Kadi yenyewe ilifanana na ya benki. Unaiingiza kwenye mashine ya kutolea fedha pale mjini, unabonyeza namba ya siri, fedha zinabadilishwa huko huko ziliko, na mashine inakutolea shilingi. Kwa siku moja ilitoa milioni moja na laki sita, yaani laki nne mara nne, haikuzidisha hapo. Wakuu wa fedha nchini walishaonya watu juu ya fedha za aina hii, na onyo hilo nililisoma mimi mwenyewe redioni. Lakini Faith alikuwa analipia sana kutuma kwa mawakala wa kawaida kutoka Doha, na mwenzake pale wanapofua mashuka ya hoteli akamwonyesha njia hii. Nikamwomba Kija apokee kwenye kadi yake. Alikubali bila kudai hata soda.

Mzee Masalu ana miaka sabini na kitu. Alitoka Shinyanga na ng'ombe wa baba yake akiwa kijana, akakaa Tabora, akahamishwa; akakaa Katavi, akahamishwa; akashuka bonde la Ziwa Rukwa, akakodi ekari nane nje kidogo ya Mtowisa. Mwenye shamba anaitwa Maximilian, mtu wa hapa mjini. Masalu amelima mpunga pale miaka kumi na tisa. Mkewe, mama Kija, alifariki miaka sita iliyopita, na kwa ruhusa ya Maximilian alizikwa hapo hapo, pembeni ya majaruba. Kwa hiyo Maximilian aliposema anataka kuuza, mzee hakufikiria mpunga. Alitaka mahali ambapo hakuna mtu atakayekuja tena kumwambia aondoke, yeye wala kaburi.

Alikuwa ameshauza ng'ombe kumi na wanne mnadani. Fedha hizo hakuzipeleka benki. Aliwahi kwenda kufungua akaunti akaambiwa alete barua ya serikali ya kijiji, na kijiji kikamwambia yeye bado ni mgeni. Mwaka uliotangulia jirani yake alivamiwa njiani akitoka mnadani, akanyang'anywa kila kitu mpaka viatu. Kija akamwambia baba, ziweke kwangu kwenye kadi. Zikaingia milioni tisa.

Hapa inabidi nikueleze desturi yao moja, maana bila hiyo utamwona mzee Masalu mjinga, na si mjinga hata kidogo. Wasukuma hawaweki ng'ombe wote zizi moja. Mwenye ng'ombe arobaini huwapeleka kumi kwa fulani, sita kwa fulani mwingine kijiji cha mbali, wamtunzie. Mtunzaji anakunywa maziwa na kutumia samadi. Ng'ombe na ndama zao wanabaki wa mwenyewe. Ugonjwa ukiingia zizi moja, au wezi, mazizi mengine yanapona. Utaratibu huo una adabu yake. Ukishamkabidhi mtu ng'ombe wako, huendi kuwahesabu kila unaposikia fununu. Ukienda, umemwita mwizi mbele ya watoto wake. Unasubiri yeye akuletee habari, na ng'ombe akifa anakuletea ngozi.

Tarehe 3 Machi kampuni ya kadi iliwaandikia wateja wake kwamba benki inayoshirikiana nayo huko nje ina matatizo na wakaguzi, na kwamba anayependa anaweza kupunguza fedha zilizo kwenye kadi. Kija akampigia baba yake. Mzee akauliza kama huyo mwenye zizi amekataa kumpa mtu yeyote ng'ombe wake. Kija akasema bado. Amemwibia mtu? Bado. “Sasa unataka nikamkague kwa kosa gani?” Kija akamweleza kwamba hawa si majirani, baba, hii ni kampuni, hata ukizihesabu kila saa hakuna atakayejua kwamba umekuja kuhesabu. Mzee akasema, “Watu wasiojua kama nimefika mlangoni kwao, ndio umewapa mali yangu?” Akakata simu. Lakini hakusema zitolewe, na fedha zilikuwa zake. Kija akatii. Ningekuwa yeye, sijui kama ningethubutu vinginevyo.

Jumatano tarehe 12 Kija alishuka Mtowisa. Maximilian alikuwa amepata mnunuzi mwingine, mfanyabiashara wa mchele mwenye fedha mkononi. Kwa kumheshimu Masalu alimpa muda: Jumamosi saa sita mchana alete milioni moja na nusu ya kushikia shamba, nyingine baada ya mavuno. Kija alitaka awepo hayo yakiandikwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Kadi aliniachia mimi, pamoja na namba ya siri. Tulipanga hivi: Alhamisi mimi nitoe fedha za Faith, milioni moja, laki tano na elfu hamsini; Ijumaa yeye apande mjini atoe za baba yake. Miadi yako Mbeya ilikuwa Jumatatu. Jicho la kushoto lilishapotea, na daktari alisema presha ya jicho la kulia haiwezi kusubiri mwezi mwingine.

Alhamisi saa nne na nusu asubuhi nilikuwa napitia habari za nje nikaliona tangazo. Kampuni imesimamisha kadi zake zote, nchi zote. Zitafanya kazi hadi saa tisa alasiri kwa saa zetu, basi. Fedha zitakazobaki zitafungiwa mpaka uhakiki wa wateja ukamilike. Tarehe ya kukamilika haikutajwa.

Nilimpigia Kija mara saba, hapatikani. Saa sita kasoro dakika kumi akapiga yeye. Alikuwa amepanda juu ya trekta bovu la jirani ili apate mtandao. Nikamsomea tangazo lote. Akasema, kwa haraka, “Mzee, toa za baba. Milioni moja na nusu inatosha kushikia. Za Faith nitazilipa mwenyewe, hata kwa miaka miwili, naapa kwa mama. Lakini leo toa za baba.” Mnada uliofuata ulikuwa bado wiki mbili, hivyo kuuza ng'ombe haraka hakukuwezekana. Nikamjibu kwamba nimemwelewa. Saa nane alipopiga tena, akapata jibu kwamba kadi imeshafungwa, hata kabla ya saa tisa yao.

Mjini siku ile palikuwa na watu watano wenye kadi hizo, kwa kadiri nilivyoweza kuhakikisha. Nilisoma habari kwenye taarifa ya saa saba, na waliosikia walikimbilia mashineni. Getruda, mshonaji wa mikoba anayeuza nje, alipata laki nne, mara ya pili mashine ikaishiwa noti. Wasichana wawili wanaomsaidia kushona aliwalipa vitenge mwezi ule. Beda fundi wa kompyuta alikuwa Mbeya hana habari, amekaa hotelini, amemaliza pilau na nusu kuku, kadi ikakataa. Mwenye hoteli akamwambia kaka, hiyo kadi yako nzuri sana, weka na saa. Akaweka saa. Alirudi Sumbawanga juu ya magunia ya mahindi ya lori, na mpaka leo watu wakimwona wanamwuliza ni saa ngapi.

Jumamosi mzee Masalu alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji mikono mitupu. Alimwambia Maximilian kwamba hana kitu. Hakutoa sababu, alisema kueleza ni sawa na kuomba. Maximilian alingoja hadi saa nane, zaidi ya alivyoahidi, kisha akasaini na mfanyabiashara wa mchele. Masalu ameruhusiwa kuvuna mpunga wa msimu huu. Mwisho wa Julai anahama.

Habari hiyo niliiandika gazetini, safu tatu, na picha ya mzee akiwa amesimama mbele ya majaruba. Nilieleza kampuni, kadi, desturi ya kutunziana ng'ombe, onyo la tarehe 3 na jinsi mzee alivyolikataa. Mhariri wa Dar es Salaam alinipigia kunipongeza. Alisema ni mara chache mtu anaeleza jambo la aina hiyo likaeleweka. Watu wa hapa mjini waliosoma walitikisa kichwa wakasema Wasukuma na ng'ombe wao. Kila sentensi ya habari ile ilikuwa ya kweli. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na moja, na ninajua kuandika sentensi za kweli.

Sasa ndugu yangu nisikilize. Lile jibu la saa nane nililitoa mimi.

Kadi haikuwa imefungwa. Nilipoachana na Kija nilitoka ofisini, nikaenda mashine ya kwanza, haina fedha. Nikaenda ya pili. Saa sita na nusu nilikuwa mbele yake peke yangu, kwa sababu taarifa ya saa saba nilikuwa sijaisoma na hakuna aliyejua. Nilitoa laki nne mara nne. Ilikuwa milioni moja na laki sita, ambayo ni fedha za Faith na elfu hamsini juu. Nilizihesabu, nikaziweka mfuko wa ndani wa koti, nikaenda kusoma habari. Kija alipopiga nikamwambia nilipofika kadi ilikuwa imeshafungwa. Akanishukuru kwa kujaribu.

Saa tisa na dakika tano nilirudi mashineni nikaiingiza tena. Ilikataa. Nilitaka nilichomwambia Kija kiwe kimekuwa kweli, japo kwa kuchelewa. Sijui nilifikiri hiyo ingesaidia nini.

Wewe nilikwambia hizi hapa fedha za Faith, twende Mbeya, na huo haukuwa uongo. Kija nilimwambia gharama zako nimekopa kwenye chama chetu cha akiba. Sasa sikia lililo baya zaidi. Mwezi wa nne Kija alikuja nyumbani na laki moja, akasema ndiyo mwanzo wa deni la dada Faith. Nikapokea. Mwezi wa tano akaleta elfu arobaini, akaomba radhi kwamba kampuni ya sentensi imepunguza kazi. Nikapokea. Winifrida alikuwepo mara zote mbili, akamkaribisha chai.

Sitajisifu kwamba dhamiri ndiyo iliyonisukuma kusema. Mwishoni mwa Mei kampuni ya kadi ilitangaza kwamba uhakiki unaendelea na kwamba kuanzia mwezi huu kila mteja ataweza kuona orodha ya miamala yake, ingawa fedha zenyewe bado. Nilijua Kija atafungua na kuona: tarehe 13 Machi, saa sita na dakika thelathini na mbili, laki nne, na nyingine tatu chini yake. Kama orodha isingekuwepo, sijui kama ungepata barua hii. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Jumapili tarehe 1 nilishuka Mtowisa kwa pikipiki ya kukodi. Barabara unaijua, ile ya kuteremka na mashimo yake. Ukifika chini joto linakupiga kama umefungua tanuri la mikate. Nilimkuta mzee Masalu amekaa kwenye kigoda anasuka kamba, na Kija akimkarabatia redio. Nilisalimia, nikasema nimekuja kusema jambo moja na naomba nisikatishwe. Nikalisema lote, na saa na dakika. Ile laki moja na elfu arobaini, pamoja na elfu hamsini zilizozidi, niliziweka juu ya mkeka.

Kija alisimama. Hakupiga kelele. Aliniambia, “Nilikuwa nakuita mzee,” akatoka nje, nikamsikia akiongea na ng'ombe.

Mzee Masalu aliendelea kusuka mpaka kamba ikafika mahali pa kufunga fundo. Kisha akaniuliza kama dada yangu anaona. Nikamwambia anaona, kwa jicho la kulia. Akauliza anaona mpaka wapi. Nikasema anaweza kusoma, na anamtambua mtu akiwa ng'ambo ya uwanja wa kanisa. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema hivi, na niliyaandika baadaye kwenye daftari nisiyabadilishe: “Mwandishi, siku ile ungeniambia kuna jicho na kuna shamba, ningekwambia toa jicho. Mimi mke wangu ameshakufa, dada yako alikuwa hajapofuka. Ningekwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, na Kija angesikia. Wewe uliona sistahili kuulizwa.”

Ningesema mtandao ulikuwa mbaya, lakini saa sita kasoro na saa nane ulikuwa mzuri.

Nilimwuliza nifanye nini. Nilikuwa tayari kwa ng'ombe, kwa faini, kwa kuitwa mbele ya wazee wa Kisukuma wa bonde zima. Alisema hataki ng'ombe wangu, na kwamba mimi sijui kufuga. Akaniuliza kama habari zangu gazetini huwa na makosa ya vipimo. Nikasema hapana, vipimo sikosei. Akasema mwenye shamba mpya ni mtu mwema, ameahidi hatagusa kaburi, lakini ataleta trekta, na tuta la kaburi limeshuka tayari kwa mvua za miaka sita. Yeye anahamia mbali, labda kuelekea Chunya. Wajukuu wake wakija siku moja kumtafuta bibi, watakuta mpunga tu. Akasema, “Andika alipo. Andika kama unavyoandika gazeti.”

Basi nilirudi Jumamosi hii iliyopita na tepu ya mita hamsini niliyoazima kwa fundi ujenzi. Tulichagua alama zisizokufa. Miti inakatwa, na mzee mwenyewe alisema mto pale huhama kila baada ya masika. Tulichukua kona ya kalavati la barabara, lenye mwaka wa ujenzi uliochorwa kwenye saruji, na jiwe kubwa la mpaka ambalo hata trekta haliling'oi. Kija alikuja bila kuitwa. Hakunisalimia. Alichukua ncha moja ya tepu, mimi nikashika nyingine, na baba yake akatembea katikati akiinyoosha isiguse mpunga. Tulipima mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza na ya pili zilitofautiana kwa sentimita arobaini. Kija ndiye aliyesema turudie. Hilo ndilo neno pekee aliloniambia siku nzima: “Rudia.”

Masahihisho ya ile habari nimempelekea mhariri, mistari minne, yenye jina langu. Amesema imepita miezi mitatu na hakuna anayekumbuka. Nimemwambia ayatoe hivyo hivyo, na kama hataki nitayasoma redioni kwenye kipindi changu, kama kipindi kitaendelea kuwepo.

Dada, usiuze kitu kwa ajili ya jambo hili, na usimwambie Faith kwamba fedha zake zimemdhuru mtu. Zilikuwa zake, alizitolea jasho, na zilifanya kazi aliyoikusudia. Nilichofanya mimi hakimhusu yeye wala wewe. Nimekuandikia kwa sababu kila nikija Mwimbi unanishika mkono na kusema bila Cleophas ningekuwa gizani, mbele ya watu, mpaka kanisani. Naomba usiseme tena hivyo.

Humu ndani utakuta karatasi nyingine, imekunjwa peke yake. Nimeiandika nakala tatu. Moja anayo mzee Masalu, moja anayo Kija. Hiyo ya tatu mzee amesema itunzwe na wewe, kwa sababu karatasi za watu wanaohamahama hupotea, na kwa sababu, kwa maneno yake, jicho lile lina hisa yake. Iweke kwenye sanduku lenye vyeti vya ubatizo. Kabla hujaiweka, isome mara mbili taratibu, ukijifanya hujawahi kufika Mtowisa, kisha unijulishe kwa Polikarp kama kwa maneno yale peke yake ungeweza kutembea kutoka barabarani ukafika kwa mama Kija. Palipo na utata nitaandika upya zote tatu.

Nisalimie shemeji, wajukuu wote, na wanajumuiya wanaoniulizia. Mwambie shemeji jembe aliloagiza nimelipata, litakuja na gari la Alhamisi. Matone, asubuhi na jioni.

Mdogo wako,

Cleophas